Mama Alivyolifagia Bonde

Naomba niseme mapema kwamba mama yangu ni mtu mwema, maana nikiendelea kusimulia huenda mkasahau. Ni mwema, ni mkarimu, na jirani akifiwa yeye ndiye wa kwanza kufika na kuni kichwani. Na ni yeye huyo huyo aliyeamuru bonde zima lifagiliwe siku moja kabla ya wakaguzi kufika. Likafagiliwa kweli. Uchafu wote ambao tulikuwa tumeulilia miezi na miezi ili serikali iuone kwa macho yake ukazikwa mashimoni, na juu yake yakatupiwa majani makavu ili papendeze. Mpaka leo nikikumbuka kichwa hunigonga.

Bonde lenyewe si kubwa. Liko nyuma ya Jilore, unaacha barabara na kushuka kwa miguu. Katikati yake hupita kijito kinachokwenda kumwagika mto Sabaki, na hakikauki hata kiangazi kikiwa kikali namna gani. Waliotutangulia walichimba mifereji kutoka kijitoni, na mpaka leo maji hugawanywa kwa zamu: unaondoa jiwe na tope, maji yanaingia kwako, zamu yako ikiisha unaziba, yanakwenda kwa jirani. Mama ana kipande chake kwenye mfereji wa juu kabisa. Chini alilima mpunga, kwenye matuta alipanda mchicha, mnavu na mabenda, yaani bamia, na pembeni migomba. Kwa kipande hicho mimi na ndugu zangu tulikula, tukavaa, tukasoma mpaka tulipochoka kusoma wenyewe.

Mimi nimeolewa Malindi. Nashona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yetu. Kikundi cha maji cha bondeni kilinichagua kuwa katibu wake siku ambayo sikuwepo mkutanoni, kwa sababu, walisema, nina simu nzuri na nina mdomo. Simu hiyo sasa kioo kimepasuka, lakini mdomo ungali mzima.

Kazi yangu ya ukatibu ilikuwa kupanga zamu na kusuluhisha wanaoibiana maji, basi. Kisha ikaja kampuni kutafuta makaa ya mawe. Walipanda juu kwenye vilima, kijito kinakoanzia, wakachimba shimo wakasema ni la majaribio. Wakachimba la pili, nalo la majaribio. Kisha wakayaunganisha likawa shimo moja ambalo ukisimama ukingoni huoni jaribio lolote, unaona shimo. Shimo likienda chini sana hutoa maji, na kama kuna maji huwezi kuchimba, kwa hiyo wakaleta pampu, wakayavuta, wakayamwaga kijitoni kwa bomba. Hatukuambiwa neno. Tulijua siku maji ya mfereji yalipokuja na rangi ya chai ya mkandaa, isiyotiwa maziwa, na siku zilivyokwenda yakawa meusi hasa, ukichovya kidole kinatoka na unga. Yakitulia huacha utando wa rangi ya kutu kwenye mawe. Tope jeusi likajaa mferejini, likaingia mashambani, likikauka hugeuka gamba ambalo jembe hulipiga likalia. Mpunga ukaanza kugeuka manjano kwenye ncha. Vyura, ambao utotoni walikuwa wakininyima usingizi, wakanyamaza.

Baada ya kelele nyingi tukaambiwa kuna watu wa tathmini. Hao watakuja, watatazama, watapima, wataandika. Wakiandika kwamba shimo linaharibu mashamba, kampuni itakatazwa kumwaga maji kijitoni mpaka ichimbe bwawa lake yenyewe. Wakiandika hakuna madhara, kampuni itapewa kibali cha kuchimba mgodi wenyewe, na bomba litabaki pale pale, kubwa zaidi. Kipande cha mama ndicho cha kwanza chini ya bomba. Nilielewa vizuri kabisa kwamba wakaguzi wakikosea, shamba la mama ndilo litakalokufa kwanza, na mama hana shamba jingine wala hana kazi nyingine aijuayo.

Basi nikaingia maofisini. Nimezijua ofisi za Malindi na za Kilifi kuliko ninavyozijua nyumba za wakwe zangu. Njoo Jumanne. Jumanne mhusika yuko semina. Ofisi moja hunituma kwa nyingine, nayo hunirudisha kwa ile ya kwanza, na kila ofisi ina kiti cha plastiki ambacho mguu wake mmoja umevunjika, sijui hununua wapi. Bwana mmoja alifungua ramani kwenye kompyuta akaniambia kwamba pale ninaposema pana bonde, yeye haoni bonde. Nikamwambia sisi tunaliona. Mwingine aliniambia nilete hayo maji ayatazame. Nikayaleta kwenye chupa ya soda, meusi yanatisha. Akasema hawezi kuyapokea kwa sababu hajui nimeyateka wapi. Nikamwambia nimeyateka huko huko tunakomwomba aende. Akaniambia nisiwe mkali.

Siku nilipopigiwa simu kwamba wakaguzi watakuja, niliacha suruali za watoto wa watu kwenye cherehani nikapiga simu kwa mwenyekiti wa kikundi, kisha kwa mama. "Mama," nilisema, "wageni waja keshokutwa kutazama bonde." Nilisema wageni. Ningesema askari, labda ingefaa zaidi.

Nilifika siku ya pili yake, mchana. Nikiwa juu bado nikasikia watu wakiimba bondeni, nikafurahi, nikadhani wamepata moyo. Niliposhuka nikakuta mweria. Mweria ni kazi ya pamoja: watu wanaitana, kila mtu anakuja na jembe lake, na mwenye kazi anapika. Walikuwa wamejaa mferejini tangu alfajiri. Mfereji ulikuwa umechimbuliwa mpaka chini, mchanga mweupe unaonekana kama wa ufukweni. Karai baada ya karai ya tope jeusi ilikuwa imekwenda kuzikwa kwenye mashimo ya migomba. Mpunga wa manjano ulikuwa umeng'olewa, mbuzi wameletewa, wameukataa, umechomwa. Mabenda yaliyojikunja majani yamefyekwa. Na pale maji yanapoingilia, wanawake wawili walikuwa wamechuchumaa wanasugua utando wa kutu kwenye mawe kwa makumbi ya nazi, kwa bidii, kama masufuria ya harusi.

Mama alikuwa ukingoni anatoa amri.

"Mama, mwafanya nini?"

"Twasafisha. Kwani huoni?"

"Tope liko wapi?"

"Tushalizika."

"Mama, hao watu waja kulitazama hilo hilo tope."

Alinitazama kwa huruma. "Watu watoke huko kote na magari yao, waje watazame tope? Mwanangu, mgeni haonyeshwi tope."

"Ndilo lililowaleta."

"Hata kwa daktari huendi hujaoga."

"Lakini ugonjwa huuachi nyumbani, mama."

Hilo lilimchekesha. Akawasimulia waliokuwa karibu, nao wakacheka, na majembe yakaendelea. Nikamgeukia mwenyekiti, mzee mmoja mpole ambaye huvaa koti hata jua likiwa utosini. Nikamwambia anajua vizuri tulichokuwa tunakitafuta. Akasema anajua, lakini mfereji mchafu kwetu una maana yake: una maana watu wamekosana, hawaitani tena, kila mtu na lake. "Twataka waende waseme watu wa hapa ni wavivu na hawapatani?" akaniuliza. Nilitaka kumwambia hakuna atakayekuja kwa gari la serikali kupima upatanifu wetu, lakini alikuwa ameshika jembe, na yeye ni mzee, na hakuna aliyemlazimisha kushika jembe kwa umri ule.

Nilichukua sepeto nikaenda kwenye shimo moja la mgomba nikaanza kufukua. "Mwacheni," nikamsikia mama akiwaambia, "ana hasira, zitamtoka." Nikajaza ndoo moja ya tope, nikaifunika, nikaiweka uvunguni mwa ghala ili asubuhi niwaonyeshe wakaguzi. Asubuhi ndoo ilikuwa imeoshwa kwa sabuni na ndani yake mna maji ya wageni ya kunawa.

Walikuja watatu, wamevaa gambuti mpya. Mkubwa wao akasalimia vizuri: habari za hapa. Bonde lote likajibu salama. Akauliza, je, mna shida yoyote na maji? Mwenyekiti akasema, "Hatuna shida, twamshukuru Mungu. Karibuni mketi."

Hapa lazima nieleze, maana mtu asiyetujua atadhani tu wapumbavu. Kwetu salamu hujibiwa salama. Hata mwenye maiti ndani, ukimsalimu, husema salama kwanza, kisha husema ila. Na hiyo ila haambiwi mtu aliyesimama. Mgeni huketishwa, hupewa maji, hula, hunawa, ndipo mwenyeji humwuliza habari za atokako. Akimaliza za kwake, naye huuliza za pale. Hapo sasa ndipo utasikia nani amekufa, ng'ombe gani ameibwa, na maji yamekuwaje. Kumwambia mgeni shida zako kabla hajala ni kumfukuza. Kila mtu bondeni alijua kwamba ila inakuja. Wali wa nazi ulikuwa jikoni, kuku wawili wameshachinjwa, na ila ilikuwa imepangwa vizuri baada ya kuku.

Wakaguzi wakasema wanashukuru lakini hawali. Ni kanuni ya kazi yao, wasije wakaambiwa wamehongwa kwa kuku. Kanuni nzuri, siilaumu. Wakachukua maji kwenye chupa zao, na maji siku hiyo yalikuwa maangavu, kwa sababu juu huko pampu ilikuwa kimya tangu jana yake, na hilo nalo mjiulize wenyewe. Wakapiga picha mfereji. Mama alikuwa ameweka njiani vikapu vya mabenda na mchicha ili wageni waone mwenyeji wao ni mtu wa namna gani. Wakavipiga picha pia. Mimi nilikuwa nikiwafuata kama kuku anayetaka kutaga, nawaonyesha mashimo ya migomba, nawaambia tope liko humu, fukueni. Mkubwa wao akanisikiliza mpaka nikamaliza. Akaniuliza, "Wewe unaishi hapa?" Nikasema naishi Malindi. Akasema sawa, akafunika kalamu.

Wakaenda zao kabla ya adhuhuri. Chakula tulikula wenyewe, na nilipokula mnofu wa yule kuku nilikuwa nautafuna kwa hasira mpaka meno yakauma.

Ripoti ilisomwa barazani kwa chifu. Ilisema kwamba mifereji ya bonde inatunzwa vizuri mno. Ilisema kwamba maji yako katika kiwango kinachokubalika na mazao yaliyoonekana yana afya. Ilisema kwamba wakazi waliohojiwa walieleza hawana shida. Na watu wetu, nasema kweli tupu, wakapiga makofi. Walikuwa wamesifiwa na serikali. Mwenyekiti alinigeukia akanikonyeza kana kwamba ananiambia, umeona? Nikaweka mikono usoni ili nisije nikasema neno ambalo chifu angelazimika kulishughulikia.

Kisha msomaji akafikia mwisho: kwa hiyo hakuna kizuizi cha kampuni kuendelea na hatua inayofuata. Makofi yakapungua. Mzee mmoja nyuma akauliza, "Na lile bomba?" Akajibiwa bomba litabaki, kwa kuwa imeonekana halina madhara. Hapo ndipo walipoelewa, na ukimya ulioingia pale barazani ulinifanya nisiwe na raha hata ya kusema si niliwaambia. Nilisema hata hivyo. Nilisema njia nzima tukirudi.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," nilimwambia mama.

"Na mgeni njoo, mwenyeji apone," akanijibu. "Kama mgeni amekuja na mwenyeji hakupona, kosa ni la mgeni. Angekula."

Tungeendelea kupigana kwa methali mpaka kesho, lakini kulikuwa na nafasi ya kupinga ripoti, nayo ilikuwa fupi. Nikarudi kwenye vile viti vya miguu mitatu. Nilieleza tope, nilieleza mweria, nilieleza pampu iliyonyamaza, na mama mmoja ofisini aliyekuwa akinisikiliza alianza kucheka mpaka akajifuta macho, akasema yeye kwao ni Tezo, anajua, hata mama yake angefagia. Sijui kama ni yeye aliyesukuma jambo hilo, lakini tukaambiwa atakuja mkaguzi mwingine, mmoja, na kwamba hakutakuwa na wa tatu.

Safari hii nilikwenda mapema nikalala huko, kulinda uchafu. Nimewahi kulinda watoto, nimewahi kulinda kuku, lakini tope ilikuwa mara yangu ya kwanza. Na cha kulinda kilikuwepo: pampu ilikuwa imerudi kazini siku nyingi, na mfereji ulikuwa mweusi tena kingo kwa kingo, mawe yana kutu kama mabati ya zamani. Nilipita nyumba kwa nyumba nikiwaapisha watu. Hakuna kuchimba, hakuna kusugua, hakuna kung'oa kitu. Wakaniahidi kwa unyonge wa watu walioambiwa wapokee wageni wakiwa uchi. Mama naye aliahidi. Asubuhi nilimkuta ameshafagia uwanja, amefagia njia, na ufagio anashuka nao taratibu kuelekea bondeni. Nikamnyang'anya kwenye ukingo wa mfereji.

"Na akikusalimu leo," nikamwambia, "usiseme salama. Sema si salama. Jaribu."

Hakujaribu.

Mkaguzi alikuwa mwanamke, mtu wa bara, kijana kuliko binti yangu mkubwa. Alikuja kwa bodaboda, begi mgongoni. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari ya hapa?"

Nilimkazia mama macho. Akanitazama mimi, akamtazama mgeni, midomo ikacheza.

"Salama," akasema. "Karibu."

Sikio la kufa halisikii dawa. Nikaketi kwenye kinu kilichopinduliwa nikashika tama.

Huyu binti, hata hivyo, alikuwa na macho. Alishuka mferejini mwenyewe, akajaza chupa, akachota tope, akachimba shambani kwa mama akaangalia gamba lile lilivyo chini. Alipopanda alinieleza waziwazi. Tope ameliona, ataliandika. Lakini kampuni itasema tope hilo ni la mvua, au limekuwepo siku zote. Anahitaji mtu anayelima hapo kwa mkono wake amwambie maji yalianza lini kubadilika, kilichopandwa ni kipi, na kilichovunwa ni kipi. Mimi wa Malindi sifai. Na ripoti ya kwanza inasema mwenye shamba hili alionekana na mazao mazuri na wakazi wakasema hawana shida, kwa hiyo huyo huyo ndiye anapaswa kuulizwa.

Akamwuliza mama. Mama akasema, "Hakuna neno. Kwanza ule."

"Siwezi kula, mama. Tumekatazwa."

"Haya, basi."

Walikuwa watu waadilifu kuliko wote niliowahi kukutana nao, mmoja hali na mwingine hasemi, na mimi katikati nikiona shamba likizama kwa sababu ya adabu. Nilimwambia mama, mbele ya mgeni, kwamba ananiua. Akaniambia nisimwaibishe. Nilimwambia mgeni kwamba kijiko kimoja tu cha wali hakuna atakayejua. Akasema yeye atajua. Nikaenda nyuma ya nyumba nikaupiga mchungwa teke, na mchungwa una miiba.

Niliporudi nachechemea, jua lilikuwa kali na yule binti alikuwa ameomba akae kidogo barazani kivulini kabla ya kuita bodaboda. Akafungua begi akatoa kibati chake: chapati mbili na yai la kuchemsha, alivyotoka navyo kwake. Mama alivyoona hivyo alisimama. Alileta mkeka akautandika, akaleta kigoda, akaleta maji ya tangi akamnawisha. Kisha akaingia ndani akatoka na kisahani, ndani yake mna chumvi kidogo.

"Ya yai," akasema. "Chumvi nayo mwakatazwa?"

Binti alifikiri. Nadhani alifikiri kwa kweli, kwa sababu alikawia. Kisha akacheka, akachovya yai, akala. Mama akaketi mbele yake na kumtazama mpaka alipomaliza chapati ya pili, bila haraka, mikono pajani. Akamnawisha tena. Kisha, kwa sauti ambayo nilikuwa sijaisikia kwake tangu mambo haya yaanze, akasema, "Haya. Habari za utokako?"

Yule binti akasimulia. Kwao nako wanalima, mvua imechelewa, baba yake anaumwa mgongo. Na kwa kuwa alilelewa vizuri, alipomaliza akauliza, "Na za hapa, mama?"

"Za hapa ni nzuri," mama akasema, "ila."

Hiyo ila ilikwenda mpaka alasiri. Alieleza jinsi maji yalivyoanza kubadilika walipokuwa wakipalilia mpunga wa masika ya mwaka jana, na jinsi ulivyozaa makapi. Alieleza kwamba alipanda tena vuli, mche ukatoka, ukasimama, ukafa umesimama. Alieleza miguu inavyomwasha akitoka mferejini. Binti aliandika, akageuza karatasi, akaandika. Kisha akamwuliza kwa upole kuhusu vile vikapu vilivyopigwa picha, mabenda na mchicha wenye afya.

"Vile niliagiza sokoni Kakuyuni," mama akasema. "Hapa sijavuna kitu tangu mpunga ule wa makapi. Hata mboga za huyu," akanielekezea kidevu bila kunitazama, "nazinunua huko huko."

Kila nikienda kwa mama, nikiondoka hunifungia mboga kwa ganda la mgomba. Nimezipika Malindi mwaka mzima. Nimewagawia majirani nikawaambia onjeni, hizi ni za bondeni kwetu, hizi hazina dawa. Nilikuwa nikibishana maofisini kuhusu shamba linalokufa, nikirudi nyumbani nala kutoka shamba hilo hilo, na sikujiuliza.

Ripoti ya pili ilikuja baadaye, na ilisema yale tuliyotaka iseme: maji ya shimo yasimwagwe tena kijitoni, kampuni ichimbe bwawa. Bomba liliondolewa. Gamba bado liko shambani, na hakuna aliyeweza kuniambia litatoka lini. Watu waliniita shujaa, wengine, kwa mzaha, wakaniita mlinzi wa tope. Lakini siku ya ripoti siikumbuki vizuri. Ninayoikumbuka ni ile alasiri, bodaboda ilipokwisha kuondoka na yule binti, tukabaki wawili barazani.

"Zilikuwa na udongo kwenye mizizi," nikamwambia.

"Nilikuwa nautia mwenyewe."

"Na pesa ya kununulia?"

"Si ndizo hizo unazonitumia."

Hivyo nilikuwa nikijinunulia mboga mwenyewe, mwaka mzima, na yeye kula yake ilikuwa sima kwa chumvi. Hasira zote nilizokuwa nazo kwa kampuni, kwa maofisi, kwa wale wa gambuti mpya, zikakosa pa kwenda. Nikamwuliza mbona hakuniambia. Mimi ni mwanawe. Mimi ndiye niliyekuwa nikihangaika.

"Wewe ushaolewa," akasema. "Ukija hapa u mgeni."

Jua lilikuwa linashuka na ilikuwa lazima nirudi mjini, nikasimama nikajifunga leso. Mama akanishika mkono.

"Ngoja kwanza," akasema. "Kuna mboga nimekufungia."

Akaingia ndani akatoka nazo. Nikazipokea kwa mikono miwili.